Kidonda Kilichoizoea Penisilini

Nilikuwa mchimba shaba pale Musonoi, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, mshipa uliponishuka kinenani. Nikapelekwa hospitali kupasuliwa. Daktari mzungu wa pale alikuwa ameipenda penisilini kama mtu aliyeoa juzi. Aliye na jipu alichomwa, aliye na mafua alichomwa, na mpishi wake alichomwa kwa kupiga chafya jikoni.

Alinipasua vizuri, sina neno. Lakini baada ya siku chache kidonda kikavimba, kikaanza kutoa usaha. Wenzangu wodini vilevile. Daktari akaongeza sindano, na usaha ukaongezeka. Makalio yaliniuma hata nikashindwa kulala chali, na kwa tumbo ndiko kulikokuwa na kidonda.

"Munganga, hii usaha inatoka wapi?" nilimuuliza.

"Dawa yangu inaua kila kadudu," akajibu. "Uchafu unatoka ku sufuria ya bibi yako."

Kesho yake sufuria zote za chakula cha nyumbani zikapigwa marufuku. Mke wangu akazuiwa getini na bukari yake, ugali wetu wa kila siku, ikiwa bado moto. Alinisemesha kupitia dirishani, kwa sauti iliyowafikia wote wodini.

"Tata, mi naleteaka bukari ya kutia mu kinywa. Nani aliitia mu kidonda?"

Wagonjwa walicheka huku wameshika matumbo, maana kucheka kulivuta nyuzi.

Basi akaja injinia mmoja kutoka bwawa la Nzilo, naye akapasuliwa na daktari yuleyule, ila katika hospitali ya wazungu, ambako bukari haijawahi kupita mlango. Kidonda chake kikatoa usaha kama chetu, na penisilini haikukifanya kitu. Nikangoja kusikia sufuria ya madamu wake imekamatwa. Haikukamatwa. Badala yake aliitwa daktari mwingine kutoka Elisabethville. Akapangusa vidonda vyetu kwa pamba, kisha akapangusa pua za wote waliokuwa wakiingia chumba cha kupasulia.

Majibu nililetewa na mtawa muuguzi, akininong'oneza huku akifungua bendeji. Vijidudu vyetu vilikuwa vimeizoea penisilini, havikuiogopa tena, na vilikuwa vinakaa kwa raha ndani ya pua ya daktari wetu.

Injinia aliletewa dawa mpya kwa ndege. Mimi nilifunguliwa nyuzi, usaha ukaachwa utoke, nikaoshwa kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Tulipona wote wawili, yeye akitangulia kidogo. Daktari alianza kufunga kitambaa puani na kunawa mikono hadi viwikoni, na salamu zetu akawa anaitika kwa kichwa tu.

Siku ya kutoka, mke wangu alikuja kunichukua. Njiani nikamweleza vijidudu vilikopatikana. Aliketi kando ya barabara, akacheka mpaka machozi, nami nikasimama nimeshika tumbo, nikimwomba tuondoke kabla hajanichekesha.