Ngoma Tatu za Mkono Mmoja

Kaka yangu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa wote, mkono na mguu. Watu wa Ruaruke walikuja kumpa pole, na kila aliyeingia aliutazama kwanza ule mkono, ndipo akamtazama usoni. Ulikuwa mkono wa mpiga ngoma. Vijiji vya huko havikutoa mwali bila yeye kukaa nyuma ya chapuo, ngoma ndogo inayoongoza wenzake. Sasa mwanawe mwenyewe alikuwa ndani anafundwa, na mpunga ukishavunwa angetolewa.

Shemeji, mkewe, alishauri tukodi spika kutoka Kibiti. Kaka aliniita pembeni, akasema kwa ule ulimi wake mpya, mzito, "Mdogo wangu, mwanangu asitolewe na spika."

Mimi nauza boriti za mikoko Nyamisati. Ngoma sijui, nikipiga, wachezaji hukaa chini. Lakini mti naujua, na bei naijua zaidi. Fundi wa Mohoro aliponitajia bei ya magogo matatu yaliyokwishachimbwa, nilicheka, naye akacheka, tukanywa chai, akapunguza. Nikayakagua magogo, nikayakagua tena. Moja lilikuwa na ufa. Tukanywa chai nyingine.

Ngoma zetu hupigwa na watu watatu. Nilitaka zipigwe na mmoja, tena aliyebaki nusu. Nikaunga boriti zikawa kichanja, nikainamisha chapuo na msondo, ile ndefu, zikutane pale mkono wake wa kushoto unapofika akiwa ameketi. Nilimpima kwa kamba mara mbili, akaniuliza nashona suti au sanda. Vumi, ile kubwa, nikailaza chini aipige kwa mguu wake mzima, wa kushoto, kwa pedeli ya baiskeli niliyoivika kipande cha tairi.

Ngozi za mbuzi nilizipata Nyamisati zikiwa mbichi, na gari la Ruaruke lilikuwa la kesho yake. Nikafanya anavyofanya kila mtu wa delta akishika kitu kibichi: nikazipaka chumvi. Wala sikufikiri. Zikafika hazinuki, nikajisifu. Nikaziwamba nikisaidiwa na jirani, zikakauka, na kwenye jua la mchana zikalia vizuri kabisa.

Wiki ya mwali kutoka, umande ulishuka. Asubuhi nikakuta ngoma zote zimelegea. Nikazipasha moto, zikakaza. Jioni zikalegea tena. Kaka akasogezewa chapuo. Akainama, akailamba ngozi, akatema mate.

"Hapa umewamba papa wa chumvi," akasema.

Chumvi ndiyo iliyokuwa ikivuta umande. Tukazifungua. Shemeji akazisuuza kwa maji ya kisima, akamwaga, akasuuza tena, mpaka kaka alipolamba akaridhika. Kuwamba kunataka watu wawili wakabiliane, kila mmoja avute kamba kwa nguvu sawa. Mmoja akizidi, ngozi huenda kwake na ngoma hulia kombo. Kaka akasema upande wa pili ni wake, akaizungusha kamba kwenye kiganja cha kushoto. Mimi ni mchuuzi, maisha yangu yote nimevuta kwangu. Siku ile nilivuta kadiri alivyoweza yeye. Niliusikia mkono wake kwenye kamba, na ulipolegea, nami nikalegeza. Ngozi haikukaza sana. Ilikaa katikati.

Mwali akitoka hutembea ameinamisha kichwa, hatazami mtu. Siku yenyewe kaka alianza kwa mguu, kisha msondo, kisha chapuo. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani, na palikuwa na pengo mahali ambapo mkono wa kulia ulizoea kujibu. Nilitazama chini. Mara nikasikia wanawake wanapiga makofi palepale penye pengo, bila kuambiwa.

Mwanawe alipofika mbele ya kichanja alisimama. Somo yake, aliyemfunda, akamgusa bega aendelee. Hakuinua kichwa, wala hakuondoka, mpaka baba yake alipomaliza.