Kichupa cha Protini Kwenye Friji ya Shangazi

Nilikwenda Dar es Salaam kufuata kichupa kisichozidi urefu wa kidole gumba. Cha kwanza tulitumiwa kwa basi, kikafika maabara yetu ya utafiti, Morogoro, kimeshapata joto. Protini ikiharibika haibadiliki rangi wala harufu, kwa hiyo tulihangaika nacho wiki tatu nzima ndipo tukagundua kuwa imeharibika. Cha pili kilipoingia nchini, mkuu wetu aliniambia, "Zuhura, nenda ukakilete mwenyewe, mkononi."

Asubuhi nilipanda treni ya umeme, boksi la baridi mapajani. Saa nne nilikuwa Upanga, ofisini kwa wakala wa forodha. Jina letu kwenye karatasi lilikosewa herufi moja, na kulisahihisha kulichukua mpaka saa saba. Nilipokabidhiwa kichupa, vifuko vyangu vya barafu vilikuwa vimeshalainika, na treni ya kurudi ni ya saa kumi na moja.

Mtu niliyemjua mjini mwenye friji alikuwa mmoja tu: shangazi Mwajuma, dada yake baba, anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Nilikuwa sijakanyaga kwake miaka mingi. Mtoto wake wa pekee, Rehema, alifariki kwa malaria tukiwa wadogo. Nilipokuwa nikienda kwao, mimi na Rehema tulikuwa tukilala kitanda kimoja. Baada ya hapo kila nikimwona shangazi nilikosa la kusema, mwisho nikaacha kwenda.

Bajaji ilikwama Msimbazi, nikashuka nikatembea, nimekumbatia boksi, nikikwepa mikokoteni na wabeba marobota. Nilimkuta dukani anakunja vitenge.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Zuhura! Mwanangu, ni wewe?"

Alifunga duka palepale, tukapanda ghorofani anakoishi. Nikamwomba nafasi kwenye friji.

"Umebeba nini?"

"Protini ya binadamu, shangazi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Ya binadamu? Ya nani? Mie humo naweka mboga!"

Nikamweleza taratibu. Haikutoka kwa mtu yeyote. Ni mfano wa protini iliyopo juu ya seli nyekundu za damu zetu. Maelekezo ya kuitengeneza ndiyo ya mwili wa binadamu, ila imetengenezwa na seli zinazofugwa maabara. Kimelea cha malaria hujishikiza kwenye protini kama hiyo ndipo kiingie ndani ya seli. Sisi tunataka kujua kinajishikiza vipi, na nini kinaweza kukizuia.

Neno malaria lilimkalisha chini.

"Kwa hiyo hiki kingekuwepo wakati ule, Rehema angepona?"

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana, shangazi. Hii si dawa. Ni ya kufanyia utafiti tu. Dawa au chanjo, hata ikipatikana, itachukua miaka."

Shangazi aliinuka. Kisha akaenda kunawa mikono, akasogeza nyanya, akakiweka kichupa mwenyewe, polepole, kama anamlaza mtoto. Akatoa samaki kwenye friza ili vifuko vyangu vipate nafasi.

"Hawa tutawala leo, mimi na wewe."

Tukiwa mezani akaniuliza, "Unamkumbuka?"

"Alikuwa ananinyang'anya shuka usiku kucha. Nikimwamsha, anasema mimi ndiye niliyemnyang'anya."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Watu hawanitajii jina lake. Wanaogopa nitalia. Na mimi miaka yote nangoja mtu anitajie."

Saa kumi alinipangia vifuko boksini, vimekuwa vigumu kama mawe, akanisindikiza hadi kwenye bajaji. Nilifika Morogoro jua limezama. Kipimajoto cha boksi kilisoma nyuzi nne.

Wiki iliyofuata jaribio lilikubali: protini ya kimelea iliishika ile yetu, na tulijua sasa tuna kitu kizima cha kufanyia kazi. Nilimpigia shangazi kabla sijamaliza kuandika matokeo.

Miaka yote ile niliamini kwamba kwa kunyamaza nilikuwa namhurumia. Kumbe nilikuwa namwacha peke yake na mtoto wake. Siku hizi naenda Kariakoo bila boksi wala kazi. Tunakula, tunamzungumzia Rehema, na akilia, namwacha alie, nikiwa nimekaa pembeni yake.