Mama Mkwe Anasema "Mutwa" Si Tusi

Nifichieni jina, lakini maneno yangu msiyapunguze. Nina miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani hapa Gitega, Burundi. Kwetu ni Mwakiro, Muyinga, ila nimekulia kambini Tanzania, ndiyo maana watu wa huku hunitania kwamba naongea kama redio. Sisi ni Watwa, kabila dogo ambalo wengi hulidharau. Mama yangu anafinyanga vyungu na kuviuza sokoni. Nikiwa nyumbani neno "Mutwa" halinichomi hata kidogo, ndilo jina letu, tunaitana hivyo na kucheka.

Nina mchumba, nimwite Eric. Kwao wanauza vitambaa, Kiswahili ndicho cha nyumbani, na mama yake ananipenda, sitaki kumsingizia. Eric anajua kabila langu. Mama yake hajui, na mdomo wake hauna breki. Mjukuu akila kwa pupa utasikia, "We, kula polepole, we si Mutwa." Mtu asipooga, Mutwa. Mimi nipo palepale na sahani yangu, nachekacheka kama mjinga. Eric husema, "Ni vile anasemaka tu, chérie. Hana roho mubaya."

Mwezi uliopita nikiwa kwao, akapita mama mmoja muuza vyungu, Mtwa kama sisi. Mama mkwe akachagua kimoja, akakisifu sana, akasema maharage ya sufuria hayana ladha kama ya chungu. Yule mama akaomba maji. Mkwe akalipita kabati la vikombe, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kopo la nyanya lenye kutu. Yule mama akanywa, akashukuru, akaenda kulirudisha mwenyewe kule nyuma bila kuambiwa. Hapo uvumilivu ukanishinda.

"Mama, kwa nini usimpe kikombe?"

"Kikombe? Ile iko Mutwa. Kesho sisi tutanywea mu nini?"

"Mama, hilo ni tusi."

Alishangaa kweli. "Tusi gani? Si ni jina yao? Hata bo benyewe banajiita vile. Mi nimemutukana wapi? Nimenunua chungu yake, nimemupa maji."

Ndugu zangu, hebu pimeni wenyewe. Jina ni letu kweli, hapo hajadanganya. Lakini akilitaja yeye, linakuja na lile kopo. Na mimi siku akinijua, atanipa kikombe au atazunguka nyuma ya nyumba?

Nikamwambia Eric amweleze mama yake ukweli kabla ya siku ya kutoa mahari. Kesho yake akaja na mpango wake. Eti sherehe isifanyike Mwakiro, ifanyike hapa Gitega. Bosi wangu wa cherehani, ambaye si Mtwa, akae kwenye kiti cha baba yangu, na mke wake ajifanye ndiye mama yangu. "Mama yako atakuja siku ingine, doucement, polepole. Mama yangu akizoea, tutamwambia." Nikamuuliza, akizoea nini? Akasema nisimgeuzie maneno.

Nampenda, kwa hiyo msiniambie "achana naye" kama vile mtu anabadilisha kandambili. Ni yeye aliyeniuguza nilipolazwa, na hajawahi kuniona pungufu tukiwa wawili. Shida inaanza mtu wa tatu akiingia mlangoni. Na nikimkatalia huu mpango, nahisi ndoa imekwisha.

Sherehe ni wiki ijayo. Jana mama yangu, ambaye mpango wa Eric bado hajausikia, alinipigia simu kutoka Mwakiro, furaha inasikika hadi kwenye pumzi. Tayari ameazima imvutano kwa jirani, lile vazi letu la sherehe, ili asiniaibishe mbele ya wakwe. Amejaribu kulivaa mara mbili. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, wakishafika, mimi nitakaa upande gani?"

Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Leo atapiga tena. Niambieni, nimjibu nini?