Kamba ya Babu Macedonio

Babu yangu Macedonio hali chakula mpaka aone mwingine amekula kwanza. Hata pupusa, mikate ya mahindi anayopika mama, ambaye ni binti yake wa kumzaa, anazikodolea macho zikiwa bado zinafuka moshi, anasubiri mtu amege, ndipo naye anyooshe mkono. Akinunua chumvi anaionja pale pale dukani. Mbwa wake hana jina. Anasema mbwa mwenye jina huitwa na kila mtu.

Lakini kitu alichokilinda kuliko vyote ni kamba yake.

Kazi ya babu ni kukwea miti ya zeri. Huku kwetu El Salvador, kwenye milima hii inayoshuka mpaka baharini, miti hiyo ni mirefu kuliko mnara wa kanisa, na mtu huipanda akiwa amekalia kibao kinachoning'inia kwenye kamba ya katani, mwenge wa moto mkononi. Anaunguza gome, analibandua, anabandika tambara kwenye kidonda. Mti unalilia ndani ya lile tambara. Wiki zikipita anapanda tena kuyatoa matambara, sisi tunayachemsha na kuyakamua, na zeri inazama chini ya maji, nyeusi kama asali iliyoungua. Ng'ambo wanaiita zeri ya Peru, eti kwa sababu zamani meli za Wahispania zilipitia kule.

"Hata jina wametuibia," babu husema, "halafu mnataka nimwamini mtu."

Ana sababu yake. Alizaliwa Honduras, ambako wazazi wake walikwenda kutafuta ardhi ya kulima. Mwaka wa sitini na tisa, vita kati ya nchi hizi mbili vilipokaribia, mtu waliyemwachia ufunguo wa ghala lao alisimama mlangoni na wenzake, panga mkononi, akawaambia waondoke. Mtu huyo ndiye aliyemsimamia babu ubatizo. Walirudi huku na nguo walizovaa tu.

Na baba yangu, Ovidio, ni Mhonduras. Alikuja kuchuma kahawa, akampenda mama, akabaki. Mimi nimezaliwa, nimekua, shule nimeingia na kutoka, na babu bado anamwita "mgeni".  Kazi ya baba ni kukamua. Kupanda hajawahi, maana kamba hairuhusiwi kuguswa na mtu.

Mwaka mmoja, karibu na mwanzo wa mvua, matambara yalikuwa bado juu ya miti ng'ambo ya korongo. Mvua ikiyakuta huko, zeri yote inaoshwa, na mwenye shamba alishasema: msimu ukipotea, miti anampa mpandaji mwingine. Asubuhi babu akaleta kamba uani aikague, kama kawaida yake, uzi kwa uzi. Akafika mahali vidole vikasimama.

"Ovidio," akaita. Mara ya kwanza namsikia akimwita kwa jina. "Njoo uone kazi yako."

Nyuzi zilikuwa zimekatika, nyingi, pahali pamoja. Zimebaki chache tu za kushikilia.

"Baba mkwe, mimi sijaigusa hiyo kamba."

"Nani kasema umeigusa? Kisu ndicho kimeigusa."

"Ningetaka ufe, mzee, si ningekuwekea kitu kwenye kahawa?"

"Kwani unadhani naionjesha nani kahawa yangu kila asubuhi?"

Bi Tránsito, jirani yetu, alikuwa ameegemea ua muda wote huo. Huyu mama hakosi neno. "Mimi nilikuambia, Macedonio," akasema. "Nilimwona katracho wako, huyu Mhonduras, akiitazama ile kamba ikiwa juu ya kitanda chako. Anaitazama kama paka na samaki."

"Bi Tránsito, nenda ukatazame maharage yako, yanaungua," mama akamwambia.

"Yangu hayaungui, mwanangu. Ya kwenu ndiyo nasikia harufu."

Babu akakunja kamba. "Jumapili isimkute mtu huyu hapa kwangu."

"Akiondoka, baba, naondoka naye," mama akasema. "Na Delmi pia."

Delmi ni mimi. Babu hakunitazama. Baba akaingia ndani, akatoka na kamba mpya, aliyoinunua kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, akaiweka mbele ya babu. Babu akaisukuma kwa mguu kama mtu anayesukuma nyoka. Upande wa bahari mawingu yalikuwa yameanza kupanda.

Mimi sisemi sana. Ila naona. Na nilikuwa nawaza lile neno la Bi Tránsito, kamba juu ya kitanda. Haikuwa juu ya kitanda tena. Bi Tránsito alipomtia maneno, babu aliihamisha, na hakumwambia mtu wapi. Lakini mara mbili tatu nilimwona akitoka kwenye kihenge cha mahindi mikono mitupu, mabega yamejaa vumbi la maganda. Mtu anayefuata mahindi hatoki mikono mitupu.

Nikaenda. Nikatoa magunzi na mahindi ya juu, nikachimba mpaka chini, pembeni. Nikakikuta. Nikakiweka kwenye kofia ya baba, nikakileta uani, nikakiweka mezani mbele ya babu.

Kiota cha panya. Kimesukwa kwa nyuzi za katani, zimelainika kwa jasho la babu la miaka yote ile. Ndani vitoto vyekundu, macho hayajafunguka.

Babu akachomoa uzi mmoja, akaulinganisha na kamba. Akautia ulimini. Chumvi. Akaitazama tena ile sehemu iliyokatika, karibu kabisa na macho, akaona alama za meno.

Bi Tránsito akaangua kicheko hadi akashika ua. "Macedonio! Umemficha samaki, ukampelekea paka mwenyewe!"

"Nyamaza." Kisha, polepole, "Na panya hawa, nani kawatuma?"

 Ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali. Babu akainuka, akaiokota kamba mpya.

"Twende," akamwambia baba. "Wewe kwanza."

Chini ya mti wa kwanza akamkalisha baba kwenye kibao, akamvuta juu kidogo, akamwacha aning'inie huku akitega sikio asikie kama kamba italia. Baba, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya kanisa, alifumba macho akataja majina ya watakatifu. Kamba haikusema kitu. Ndipo babu akapanda yeye, na ncha akampa baba aishike.

"Usitazame juu!" akapiga kelele kutoka kwenye majani. "Shika!"

Matambara yakaanza kuanguka, mazito, yananata. La mwisho lilitua pamoja na matone ya mvua.

Jioni mama alileta pupusa. Baba akamega, akatafuna, babu akanyoosha mkono. Walipomaliza, babu akaivuta ile kamba mpya chini ya kiti chake na kumtupia baba mapajani.

"Ilaze kwako," akasema. "Ikipungua hata uzi mmoja, nitajua ni nani."

Baba akaitundika juu ya kitanda chao. Kabla ya kulala nilimwona babu amesimama mlangoni kwao, anaitazama. Kisha akaenda zake.