Mkono wa Zaina Ulifika Sikioni

Enzi zetu, pale Kimamba, mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe shule. Aliulizwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukigusa sikio la kushoto, umri umetimia. Usipogusa, rudi ukale ugali hadi mwakani. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, tukivuta shingo kama kuku aliyemeza punje kubwa. Vijana wa leo, mnaopelekwa na bodaboda hadi mlango wa darasa, mngecheka.

Dada yangu Zaina hakuhitaji mazoezi. Alinizidi miaka mitatu na mkono wake ulikuwa mrefu. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na jambo tulilolielewa kwa mara moja yeye alielezwa mara kumi. Watoto walimwita zezeta. Kwenye rede, hata hivyo, alikwepa mpira kuliko sisi sote, na makande yakipakuliwa hakuanza kula mpaka kila mtu awe na sahani yake. Majirani walimshauri mama amfiche wageni wanapokuja.

"Nimfiche, kwani nimemwiba?" mama aliwajibu.

Ndipo tangazo la kijiji likatoka: kila mtoto aende shule. Mama alitushonea sare sisi wawili, akatupaka mafuta hadi magoti yakang'aa, akatupeleka. Mimi nililigusa sikio kwa shida, nikaandikwa. Zaina akashika lake, akacheka, akabaki amelishika.

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. "Mama Zaina, huyu mrudishe nyumbani. Atawapotezea wenzake muda."

"Mwalimu, mkono umefika au haujafika?"

"Umefika, lakini..."

"Tangazo limesema kila mtoto. Wangu huyu ni nini, mbuzi?"

Foleni nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka, wala kalamu hakuishika. Mama akanivuta mkono. "Basi mfute na huyu mdogo. Ama wote wawili, ama hakuna."

Nililia njia nzima. Siku ile nilimchukia Zaina, na sitaandika vinginevyo. Yeye alitembea kando yangu akinifuta machozi kwa mkono wa blauzi yake mpya.

Kesho yake mama alituvalisha tena sare, tukakaa kwenye kibaraza cha ofisi mpaka kengele ya mwisho. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne mwalimu mkuu, aliyechoka kuturuka mlangoni, alifungua daftari na kuandika jina la Zaina chini ya langu.

Hakuwa msomi. Kwa miaka ile yote alijifunza kuandika jina lake na kuhesabu hadi ishirini, akiiruka kumi na saba. Lakini jembe la shamba la shule alilishika kama sisi, na fimbo za kuchelewa mchakamchaka alizipata kama sisi. Jina lake likiitwa asubuhi, alijibu "Nipo!" kwa sauti ya kusikika hadi stesheni ya reli. Na aliyethubutu kumwita zezeta alikutana na mimi.

Enzi zile mlango ulikuwa mmoja tu, sikio. Leo kuna vyeti, kuna fomu, kuna sheria inayosema wazi kwamba mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kusoma. Milango imekuwa mingi, na kila mmoja una mtu wa kusema "mwakani". Neema, binti wa jirani yangu, ameambiwa hivyo mara mbili. Mama yake alitaka kukata tamaa. Nikamwambia amvalishe sare.

Jana tulikaa kwenye benchi la ofisi ya shule: Neema, mama yake, mimi, na Zaina mwenye mvi zake. Darasani mwalimu akaanza kuita majina. Zaina hakusubiri lake.

"Nipo!" akajibu kupitia dirisha. Darasa zima likageuka kututazama.

Tuliambiwa turudi nyumbani. Leo tumekaa tena. Sasa hivi sare ya Neema iko kambani, inakauka. Kesho ni siku ya tatu.