Doa Kwenye Msahafu wa Korane

Mumina anauza mashuka na mapazia hapa mjini Machakos, mlango wa pili kutoka kwa cherehani yangu. Akikupunguzia bei, jua umeombewa na malaika. Tumezeeka pamoja, na miaka yote hiyo nimejua kitu anachokipenda kuliko duka lake: msahafu wa baba yake, mzee Korane.

Korane alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Mumina akiwa mtoto, alikwenda kununua mifugo ng'ambo ya Katangi, asirudi. Mwili haukupatikana. Kilichorudi ni mkoba wake, na ndani yake msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono, kurasa zimepambwa kwa maua mekundu na ya manjano. Ukurasa mmoja ulikuwa na doa jekundu. Mama yake akasema ni damu ya Korane. Basi Mumina akakua akilitembelea doa lile kama wengine wanavyozuru kaburi. Hata swala ya jeneza alikataa isiswaliwe. Baba, alisema, yuko nyumbani.

Mwaka huu mdogo wake, Mowlid, aliyezaliwa baba ameshapotea, alimweleza shehe habari ya doa lile. Shehe akasema damu ni najisi. Ikiwa ni damu kweli, msahafu uzikwe kwa heshima mahali safi. Mumina akaanza kukonda. Ndipo Mowlid akamleta Kimanzi, mtaalamu wa kuchunguza rangi za vitabu vya kale.

Kimanzi hakukwaruza kitu wala kugusa karatasi. Mumina aliufungua msahafu mwenyewe, akiwa na udhu. Kimanzi akasimamisha kifaa chake juu ya ukurasa, kikamulika mionzi tusiyoiona, na kompyuta ikachora mistari ya kupanda na kushuka. Alimulika ua jekundu, akamulika doa, akarudia ua.

"Mama, hii si damu," akasema. "Iko na zebaki, ile walikuwa wanatia kwa rangi nyekundu zamani, sawasawa na hizi maua nyekundu. Ni rangi. Nafikiri fundi mwenye alichora ndiye aliidondosha."

Mowlid akamshukuru Mungu. Mimi nikapiga makofi, mjinga mimi, nikifikiri msahafu umepona na mambo yamekwisha. Mumina alikuwa ameinama juu ya ukurasa.

"Kwa hivyo hapa hakuna mtu," akasema.

"Hakuna, dada," Mowlid akajibu polepole.

Niliona aibu ya makofi yangu. Mumina akafunga msahafu na kumwambia Mowlid, "Mwambie shehe baba aswaliwe Ijumaa."

Ijumaa waliswali swala ya jeneza, jeneza lenyewe halipo. Nilipoingia kwake kumpa pole, nilimkuta katikati ya wanawake, shungi limemwanguka mabegani, mvi zote nje. Alikuwa akilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto aliyeambiwa leo kwamba baba yake amekufa.