Spika za Mvule za Mzee Randa

Mzee Randa alipotangaza kwamba spika zake zimekufa, mkewe alikuwa anafuta meza, na hakuacha kufuta.

"Zimekufa," akarudia. "Manyanga hayasikiki tena."

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wimbo uliokuwa unapigwa ni uleule waliofungulia dansi siku ya harusi yao: magita mawili, filimbi, na nyuma kabisa manyanga, yanachekecha taratibu kama mchele kwenye ungo. Watu wengi wameusikia wimbo huo maisha yao yote wasijue kwamba kuna manyanga ndani yake. Randa alijua, na ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Sasa alikaa ameinamisha kichwa, anayangoja, nayo hayakuja.

Lau zingekuwa spika za kununua, angeshazitupa na yakaisha. Lakini makasha yake aliyachonga mwenyewe kwa mbao za mvule, mwaka uleule aliooa, akayapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unaona haya. Maharusi wenyewe walikuwa wanalala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, ila spika zilisimama pembeni zimepakwa vanishi. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza alizitazama, akalitazama godoro, akauliza kama bintiye ameolewa na mtu au na redio.

Tusidanganyane hapa. Kilichomkosesha Randa raha hakikuwa manyanga peke yake. Nyumba ilikuwa imepoa. Watoto walishaondoka, kila mmoja na kwake, na mkewe, ambaye enzi zake angeanza kuongea jikoni na asinyamaze mpaka kitandani, amekuwa mtu wa maneno mawili matatu kwa siku. Kitu pekee kilichobaki kuwakalisha pamoja ni saa ile ya Jumapili: Randa kwenye kiti chake, mkewe kwenye kiti cha kushoto karibu na mlango wa jikoni, na redio mbele yao. Spika zikifa, na kile kiti cha kushoto kitabaki kitupu. Hilo alilijua, na lilimtia hofu, ingawa hata ungemkaba koo asingelitamka. Kwa hiyo alisema manyanga.

Jina la Randa alipewa karakanani. Alianza kama mtu wa randa, kulainisha mbao, kisha akahamishiwa kwenye mashine ya kupasulia mbao kichwa chake kikiwa bado na nywele nyeusi tupu, na hapo hapo akazeekea. Mtu anayesukuma mbao kwenye mashine ile husimama msumeno ukiwa upande wake wa kushoto, na mashine ikinguruma hakuna anayehangaika kufungua mdomo. Wanaongea kwa mikono. Kidole kimoja maana yake punguza, kiganja bapa maana yake simama, na ukipapasa tumbo, twende tukale. Mwenye karakana aliwahi kuwaletea wote vifuniko vya masikio. Randa alivitundika vyake msumarini, na hadi leo vipo, vimejaa vumbi.

"Mbao inasema," aliwaambia wenzake. "Msumeno ukikaribia fundo, mlio unabadilika. Nikiziba masikio nani ataniambia, nyinyi?"

Halafu akawanyooshea vidole vyake vyote, vizima, na katika kazi ile hicho ndicho cheti. Nani angebishana naye?

Basi Jumatatu alizibeba spika kwa mkokoteni hadi kwa fundi redio wa mtaa wa chini, rafiki yake wa siku nyingi. Fundi akazifungua, akapima waya, akaminya koni kwa kidole gumba, akaunganisha, akasikiliza.

"Mzee, hizi hazina ugonjwa. Wagonjwa ni hao wanaotengeneza za siku hizi."

"Umesikia manyanga?"

"Nimeyasikia."

"Wapi?"

"Humo humo kwenye wimbo, mzee! Yawe wapi tena?"

Randa akamwangalia kama anavyomwangalia mtu anayemwuzia mbao mbichi akiapa kwamba ni kavu. Alijua fundi anampenda, na akafikiri ndiyo maana anamficha. Mwishowe fundi akachoka. Akamshushia rafuni spika mpya, nyembamba, nyeusi, zenye taa za buluu zinazowaka na kuzima kwa mdundo. "Nenda nazo ukazijaribu. Ukizipenda tutaongea. Usipozipenda, rudisha."

Randa alizigonga kwa kifundo cha kidole, maana hugonga kila kitu, hata meza za watu wanaomkaribisha chai. Plastiki. Roho ilimuuma kabisa. Njiani alijihubiria kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, lakini boksi lilikuwa juu ya mkokoteni tayari, na kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nyumbani aliingia jikoni kutafuta kisu cha kufungulia boksi. Mlango wa kabati la vyombo ulikuwa umefungwa kwa utepe wa kitambaa, kama kawaida. Akaufungua utepe, akachukua kisu, akaufunga tena. Utepe ule aliuzoea kiasi kwamba hakuuona. Kama aliwahi kuufikiria, alifikiri ni mambo ya wanawake na majiko yao. Ndiyo, seremala anayepeleka makabati mitaa yote, na kwake mlango umefungwa kwa kitambaa! Majirani walishacheka mpaka wakachoka.

Aliporudi sebuleni akaanza kuchana boksi, mkewe, kitini kwake, alisema jambo. Randa aliona midomo inacheza.

"Mm," akaitikia, akaendelea kuchana boksi.

Mkewe hakusema tena. Amenuna, Randa akawaza. Mtu anahangaika kuirudisha raha ya nyumba hii, mwenzake ananuna.

Jumapili iliyofuata binti yao akaja kuwasalimia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake imezoea kufika dawati la nyuma, hivyo Randa hajawahi kukosana naye kwa neno lolote. Alipoona spika za mvule zimesukumwa ukutani na zile nyeusi zimewekwa mezani, alishika kiuno.

"Baba! Unataka kutuletea disko?"

"Zile zimekufa."

"Nani kasema?"

"Mimi ninayesikiliza."

"Basi tuzipime. Geukia ukuta, mama naye ageuke. Mimi nabadilisha waya, nyinyi mnaniambia zipi nzuri. Na msichungulie, nawajua!"

Wakageuka, wazee wawili bega kwa bega mbele ya ukuta kama wanafunzi waliochelewa. Wimbo ukaanza. Randa akasikia gita zito, akasikia mwimbaji, na filimbi kwa mbali. Manyanga hakuna.

"Ndiyo hizo mbovu zangu," akasema. "Wimbo umekatwa masikio."

"Manyanga yapo," mkewe akasema, akinyanyua sauti.

Binti akazima, akahangaika na waya, akawasha tena. Safari hii gita lilitikisa vikombe mezani. Randa akangoja. Wimbo ukapita pale yanapoingia, ukafika katikati, ukaelekea mwisho.

"Na hizi vilevile! Fundi kanipa ugonjwa uleule!"

"Baba, hapa yanasikika hata zaidi."

"Msinifanye mtoto!" Aligeuka, uso umemwiva. "Mmepanga, wewe na mama yako. Kama hamtaki spika mpya semeni hamtaki, siyo kunichezea kwenye nyumba yangu!"

Mkewe ndiye aliyeondoka. Aliingia jikoni, na Randa akajua leo kimeharibika. Lakini alirudi, mkononi ana kiberiti.

"Kaa," akamwambia, na akamwonyesha kiti kwa kidole.

Randa akakaa. Mkewe akazima redio, akaenda upande wa kushoto wa kiti, akasimama nyuma kidogo. Chumba kikawa kimya. Randa alimwona binti yake ametoa macho, anamtazama mama yake, kisha anamtazama yeye.

"Anza basi," Randa akasema. "Unangoja nini?"

Binti akaziba mdomo kwa mkono.

Mkewe akazunguka nyuma ya kiti, polepole, akatokea upande wa kulia, karibu na sikio. Na hapo Randa akayasikia, membamba, ya mbali, lakini ni yenyewe: cheke, cheke, cheke. Akageuza kichwa. Ni mkono wa mkewe unatikisa njiti ndani ya kiberiti.

Alikichukua kiberiti, akakitikisa mwenyewe kwenye sikio la kushoto. Hakuna. Kulia. Kushoto tena, kwa nguvu, mpaka njiti zikamwagika mapajani. Mtu aliyesikia mafundo ndani ya mbao kwa miaka yote hiyo! Akaviona akilini vile vifuniko vyake kule karakanani, msumarini, na vumbi lake, na aibu ikampanda mpaka shingoni.

Binti akasema anakwenda kuchemsha chai, ingawa hakuna aliyeiomba.

Randa akakitazama kile kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Kiko kushoto kwake. Kimekuwa kushoto kwake tangu watoto walipoondoka.

"Ulikuwa unaniambia mambo," akasema.

"Mambo ya kawaida tu."

"Nami naitikia mm."

"Unaitikia mm." Mkewe aliinama akaanza kuokota njiti. "Baadaye nikaacha. Nikaona umenichoka, baba watoto. Nikasema basi, nisimsumbue mtu."

"Mimi nikajua umenuna."

"Miaka yote hiyo nanuna? Ningekuwa nimeshapasuka!"

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji, na Randa naye hakujua pa kuyapeleka yake. Mwishowe akainuka. Akakishika miguu kile kiti, kiti cha mbao ngumu alichokichonga mwenyewe na ambacho si chepesi, akakinyanyua, akakivusha mpaka upande wa kulia. Akakigonga kwa kidole. Kisha akamwambia mkewe akae.

"Sasa niambie. Anza na lolote."

Mkewe alifikiri kidogo. Alikuwa na mengi, ila kuna moja lililotangulia yote.

"Mlango wa kabati la jikoni," akasema taratibu karibu na sikio lake. "Bawaba imeng'oka. Nilikuomba uitengeneze, ukasema mm. Nikakuomba tena, ukasema mm. Nikafunga kitambaa."

Randa akaenda kuchukua bisibisi.

Alipiga magoti mbele ya kabati, akaufungua ule utepe na kuuweka begani, maana ni mkewe aliyeufunga, naye hakutaka kuutupa sakafuni. Kwenye jiko chai ilikuwa inachemka. Sebuleni binti alikuwa ameshachomoa zile nyeusi na kuzirudisha kwenye boksi, na wimbo ukaanza upya kwenye mvule. Mkewe akaja akasimama kuushika mlango usimwangukie, na bila kuambiwa alisimama kulia.

Randa akakaza skrubu ya kwanza, akatulia, akainamisha kichwa.

"Yapo?" akauliza.

"Yapo."